Ganzi ya Shefu Donatien

Sikwenda kulia. Naliweka hilo wazi mapema ili mtu asije akanipa pole nisiyoistahili. Nilikwenda kwenye kilio cha Shefu Donatien, aliyekuwa mkuu wa ganzi hospitalini, kwa sababu Mama Henriette, mjane wake, alinitumia ujumbe mara mbili, na wa pili ulisema kwamba jina langu limeshaandikwa kwenye orodha ya watakaomzungumzia marehemu. Nani aliliandika, sikuambiwa. Nilivaa kitenge changu cha siku zote. Nilikataa fulana yenye picha yake waliyokuwa wakiwagawia watu wa hospitali, nikatafuta kiti cha plastiki ukingoni mwa turubai, mahali ambapo jua la saa tisa lilinichoma bega moja, nikakaa. Nilikuwa na hasira naye ya miaka ishirini na tano, na sikuona kwa nini kufa kwake kuiondoe. Wafu wa hapa Likasi wote wanakuwa watu wema ndani ya siku tatu. Nimezika wezi walioitwa baba wa mayatima. Kwa hiyo nilipowasikia wakianza kumpamba, sikushangaa, nilifungua tu mkoba nikatafuta peremende.

Kilichonitoa peremende mdomoni ni muuguzi mmoja wa leo, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliyesimama na kipaza sauti akaeleza jinsi marehemu alivyowafundisha kutia ganzi. Alieleza vizuri, sikatai. Akasema dawa ya ganzi inatoka kiwandani ikiwa na asidi ndani yake, ndiyo maana inauma ikiingia na inachelewa kufanya kazi, na kwamba Shefu Donatien ndiye aliyewaonyesha kuipunguzia ukali kwa bikabonati kidogo kabla ya kuchoma. "Yee njo aligundua," akasema. "Unatia kidogo tu, mukono inalala mbele hata wimbo haiyaisha. Njo ile tunaita ganzi ya Shefu Donatien." Watu wakatikisa vichwa, wengine wakapiga makofi. Mimi niliuma meno mpaka taya likaniuma. Ile ganzi ilikuwa yangu. Niliileta mimi katika hospitali ile, kwa mkono huu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na mtu wa kwanza kuicheka alikuwa yeye.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka shule ya wauguzi wa ganzi Lubumbashi nikiwa na daftari la staji, mafunzo ya kazini, ambalo lilihitaji sahihi moja tu ili niajiriwe, na sahihi hiyo ilikuwa yake. Nilipanga chumba hapa Likasi, mtaa wa Shituru, nyuma ya nyumba moja ya wafanyakazi wa kiwanda. Zamani kilikuwa stoo ya makaa, na kuta zake hazikukubali rangi. Nilipaka chokaa mara mbili, weusi ukarudi mara mbili. Kitanda, ndoo, jiko, meza niliyoazima. Dirisha lilitazama reli. Nyaya nene za umeme wa bwawa la Koni zilipita juu ya paa letu zikienda kwa wengine, nasi tukala gizani bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, Jumapili na bitoyo, samaki wa chumvi, kama mshahara wa wenye nyumba umetoka. Ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba hivi kwamba nilijua mume na mke wa upande wa pili wanagombania nini kabla wao wenyewe hawajajua. Nilikipenda chumba kile kwa sababu hapakuwa na Shefu Donatien ndani yake.

Hospitalini alikuwa kila mahali. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ambayo hakuipandisha hata siku moja, na hiyo ilitisha zaidi ya kelele. Hakuwahi kunitaja kwa jina. Nilikuwa "Stajeri". Stajeri, lete sinia. Stajeri, hiyo mikono umeiosha au umeilowesha? Siku ya pili tu, nikiwa nachemsha maji ya vyombo, niliwasikia wauguzi wawili nyuma ya pazia wakisema kwamba watatu walionitangulia waliondoka bila sahihi, na kwamba huyu mwembamba hafiki Pasaka. Huyo mwembamba nilikuwa mimi. Nilikula bukari yangu ya jioni ile bila kuisikia ladha, nikaapa kwamba nitafika Pasaka na kuipita, hata kama ni kwa chuki peke yake.

Katika chumba cha upasuaji palikuwa na saa ya ukutani, na saa ile ndiyo iliyokuwa sheria. Shefu akishachoma sindano chini ya kwapa, kwenye mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi, alitazama saa na kusema: dakika kumi. Zikiisha, daktari anakata. Kama mkono umelala, vizuri. Kama haujalala, mgonjwa ana kelele. Wagonjwa walikuwa wengi na daktari alikuwa mmoja, mwenye haraka na hasira zake, hilo nalijua. Lakini mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuubana mkono kwa koleo na kuuliza, "Imelala?" Mimi ndiye niliyesikia "bado", nikageuka na kusema, "Shefu, anasema bado." Na kila mara jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ile ile ya chini: "Saa iko inasema nini, Stajeri?" Nilimchukia kwa jibu hilo kuliko kwa matusi yote ambayo angeweza kunitukana.

Ndivyo nilivyomjua Papa Gaston. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, kwenye ukumbi wenye matangi ya asidi, na mnyororo wa kuinulia mizigo ulikuwa umemponda mkono wa kushoto. Mara ya kwanza aliletwa ili kidonda kisafishwe. Shefu alichoma, nikabana, nikauliza, akasema, "Bado, mama." Nilisema bado. Saa ikasema dakika kumi. Daktari alipoanza, Papa Gaston hakupiga kelele; alitazama dari akataja majina ya watoto wake mmoja mmoja, mkubwa hadi mdogo, na alipofika mwisho akaanza tena. Alizunguka mara nne kabla mkono haujalala.

Kesho yake nilimpelekea chai wodini, kwa aibu zaidi kuliko kwa huruma. Aliniuliza, bila ubaya wowote, kwa nini dawa yetu ina uvivu. Nikamweleza kama nilivyofundishwa: kwamba dawa inawekewa asidi ili isiharibike haraka ndani ya kichupa, na ile iliyochanganywa na adrenalini ni chachu zaidi, kwamba ikiwa na uchachu haipenyi vizuri kwenye mshipa wa fahamu, kwa sababu mshipa umefunikwa na mafuta, kwamba inabidi mwili wenyewe uuondoe ule uchachu kwanza, polepole, ndipo dawa iingie. Papa Gaston alisikiliza mpaka mwisho, akanicheka. "Ni acide tu? Minye niko na acide kila siku. Kule kwetu tuko na ndoo ya bikabonati pembeni. Acide ikikurukia, unaimwangia ile, inakufa nguvu palepale. Mu dawa yenu habatiyake bikabonati?" Nilirudi chumbani nikafungua madaftari ya shule. Jibu lilikuwemo. Mstari mmoja, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nilioandika huku nasinzia: lidokaini kumi, bikabonati moja, changanya wakati wa kuchoma. Nilikuwa nimeubeba mstari ule kwa miezi mingi huku watu wakikatwa macho wazi.

Nilimpelekea Shefu daftari. Alilisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Stajeri," akasema, "weye unataka kupika mukate ndani ya mukono ya bantu?" Wauguzi wakacheka wiki nzima. Waliniita Mama Mukate. Nilivumilia, kwa sababu ya sahihi, lakini kila siku nilikuja na kichupa cha bikabonati mfukoni mwa blauzi. Kisha ikatokea asubuhi moja daktari amechelewa, kuna mwanamke aliyevunjika kifundo cha mkono, na Shefu, kwa dharau nadhani, akanisogezea sinia akasema, "Pika." Nilichanganya, akachoma. Yule mama alikuwa bado anasimulia jinsi alivyoanguka pale koleo langu lilipombana na yeye akaendelea kusimulia. Shefu alibana mwenyewe. Alitazama saa: dakika nne. Siku iliyofuata, nilipoingia, aliuliza, "Iko wapi unga yako?" Na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yote niliyopata.

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu, nakiri. Nilitembea kwenye korido ile kama mwenye nyumba. Mikono ililala dakika nne, tano, sita, na sindano yenyewe wagonjwa waliisikia kidogo tu. Nilianza hata kunywa munkoyo na wale wauguzi walionicheka. Nilikuwa mjinga mwenye furaha, na hakuna mtu wa hatari zaidi ya huyo ndani ya chumba cha upasuaji.

Ndipo Papa Gaston akaletwa mara ya pili. Vidole viwili vilikuwa vimekufa, lazima viondolewe. Wakati ule, kama ilivyo mpaka leo sehemu nyingi, familia ilipewa karatasi ikaenda kununua dawa yenyewe mjini, na wiki ile lidokaini ilikuwa haipatikani. Ndugu yake alizunguka maduka yote ya dawa akarudi na bupivakaini. Shefu akaitazama akasema ni dawa nzuri, inadumu, lakini inachelewa, leo tutangoja. Nami, mbele ya daktari na wauguzi wote, nikasema kwamba na bikabonati yangu haitachelewa. Nikavuta kumi, nikaongeza moja, kipimo kile kile. Ndani ya bomba la sindano pakaingia weupe, mawingu madogo kama maji ya kwanza ya mchele. Niliuona. Naandika hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia sikuuona. Nilitikisa bomba, nikajiambia ni mapovu, nikalikabidhi. "Yako iko muzuri?" Shefu akauliza. "Iko muzuri, Shefu."

Leo mwanafunzi yeyote atakwambia: bupivakaini haivumilii kipimo kile. Inaganda, inageuka chembe, na chembe haziingii kwenye mshipa wa fahamu. Hiyo inatiwa tone dogo mno, au haitiwi kabisa. Mimi sikujua, lakini macho yangu yalijua. Shefu alichoma, dakika zikapita, nikabana. "Imelala?" Papa Gaston akasema, "Bado, mama." Nikangoja. Nikabana tena. "Bado." Daktari alikuwa anagonga meza kwa kidole. Dakika zilikuwa zimepita kumi. Na mimi, niliyemchukia mtu mwaka mzima kwa sababu ya neno hilo, nikamwinamia Shefu nikamwambia kwa sauti ya chini, "Anaogopa tu, kwa ajili ya mara ile. Imelala." Akanitazama kidogo. Akampa daktari ishara kwa kichwa.

Safari hii Papa Gaston hakufika kwenye jina la mtoto wa pili. Alipiga kelele ambayo wodi ya wazazi, upande wa pili wa ua, waliisikia. Ilibidi wasimame, wamtafutie dawa ya usingizi, na kabla haijamshika yeye alikuwa amejua kila kitu ambacho kisu kinaweza kumfahamisha mtu. Daktari alitupa glavu chini akauliza huu ni upuuzi wa nani. Nilifungua mdomo, nadhani nilifungua. Shefu Donatien alikuwa ameliinua lile bomba kutoka kwenye sinia, ameliangalia dhidi ya dirisha, na chembe nyeupe zilizobaki zilikuwa zimetulia chini. "Ni minye," akasema. "Nilikosa mahali pa kuchoma." Akalitupa bomba kwenye ndoo.

Baadaye alinifuata kwenye kile chumba cha kuchemshia vyombo. Alifunga mlango. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa kiganja. "Usinishukuru. Nikitaja jina yako, kesho batakataza bikabonati, na tutarudia kukata bantu beko macho. Weye si kitu, dawa njo kitu. Toka leo ni dawa yangu, haiko yako." Akanipa kipande cha katoni na kalamu, akaniamuru niandike kwa mwandiko mzuri: lidokaini, moja kwa kumi; bupivakaini, hapana; angalia bomba kwenye mwanga kabla ya kumpa mtu. Chini akaniambia niandike jina lake. Katoni hiyo ilibandikwa kabatini. Kwa miezi iliyobaki hakuzungumza nami zaidi ya ilivyokuwa lazima, na siku ya mwisho alitia sahihi daftari langu bila kuinua macho. Nikaondoka. Nilifanya kazi Kolwezi, nilifanya Lubumbashi, nikarudi Likasi nikiwa mtu mzima, na kila nilipokutana naye barabarani nilivuka upande wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyoipanga kumbukumbu yangu: aliniibia. Nilimsimulia mume wangu hivyo, nikawasimulia watoto. Nilisimulia mkate, saa, koleo, katoni yenye jina lake, na nilipofika kwa Papa Gaston niliruka. Ni rahisi sana kuruka. Hadithi haikupungua chochote. Mtu alichukua heshima yangu, na mimi nilikaa na hasira hiyo ikanilisha miaka yote, na sikumbuki hata siku moja niliyojiuliza alichukua na nini kingine pamoja nayo.

Chini ya turubai, mwongozaji wa shughuli akaita jina la Papa Gaston. Sikuwa nimemwona. Alisimama kutoka safu ya mbele, safu ya ndugu, mzee sana sasa, akakishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto wenye vidole vitatu. Alisema kwamba hakuwa ndugu wa damu. Alisema marehemu alimwumiza mara mbili kwenye mkono huu, na mara ya pili ilikuwa mbaya kupita kufa. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kukijua. "Mwezi haukuisha, akakuya kwangu kwa miguu, mpaka ndani ya nyumba. Akakaa. Akasema, Gaston, ile siku kosa ilikuwa yangu. Sikumujibu. Akarudia Jumapili ingine. Akarudia tena. Mwaka muzima anakuya, anakaa, nasimusemeshe. Kisha siku moja bibi yangu akamupa chakula, tukakula pamoja, njo vile nilimusamehe." Mama Henriette alikuwa analia bila sauti. Papa Gaston akasema amekula na mtu yule kila Jumapili tangu siku hiyo, na Jumapili hii hajui atakula na nani.

Nami nilikuwa nimekaa pale na bega langu lililochomwa na jua. Nilitafuta hasira yangu ilipokuwa, kwa maana nilikuwa naihitaji, na sikuipata. Nilipata hofu tu, na chini ya hofu aibu kubwa hivi kwamba nilidhani watu wanaiona. Jumapili zile zilikuwa zangu. Nyumba ile ilikuwa yangu kuingia, kimya kile kilikuwa changu kukivumilia mwaka mzima. Mwongozaji akaita jina langu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mafupi, yenye sumu ndogo ambayo wachache tu wangeielewa. Nilikwenda mbele, nikakipokea kipaza sauti, na badala ya kuwageukia waliohudhuria nilimgeukia yeye.

"Papa Gaston," nikasema, "ile sindano ya mara ya pili niliichanganya minye. Niliiona imeharibika, nikanyamaza. Weye ulisema bado, minye nikamwambia Shefu imelala. Yee hakukosa kitu siku ile." Mtu mmoja nyuma aliniambia nikae chini, si mahali pake. Mama Henriette alinyoosha mkono kumzuia yule mtu. Papa Gaston alinitazama, akimtafuta ndani ya uso huu yule msichana mwembamba mwenye koleo.

"Nilikuambia bado," akasema.

"Uliniambia, Papa."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

Alikitazama kiti kimoja kilichokuwa kitupu kando yake, kisha mkono wake, kisha mimi. "Yee nilimusamehe juu ya kitu hakufanya," akasema. "Weye, bado."

Nikarudisha kipaza sauti. Nikaenda kukaa kwenye kile kiti kando yake, naye hakusogea wala hakunisemesha mpaka jeneza lilipotolewa. Jumapili nilikwenda kwake kwa miguu.